Firigisi ya Msimamizi

Mwanamume mmoja wa Iguhu, mchimba mtaro kwenye barabara inayojengwa kupita kanisani kwetu, alichukua kikombe cha msimamizi wake mchana wa jua kali akanywa maji. Msimamizi, mzungu, alikipokonya akakitupa mtaroni mbele ya wafanyakazi wote. Akasema hawezi kunywea tena palipoguswa na mdomo mweusi. Kesho yake yule mtu hakuwa na kazi.

Nilikuwa katibu wa kamati ya haki ya kanisa letu hapa Kakamega. Tuliandika barua, tukafunga na kuomba, tukasimama nje ya ofisi ya kampuni tukiimba hadi sauti zikakauka. Mwishowe msimamizi akakubali kuja Jumapili baada ya ibada, amwombe radhi mtu wetu mbele ya waumini na kumrudisha kazini. Sijawahi kujivunia kanisa kama juma lile.

Kumbe wazee wa kanisa walikuwa wameagiza kuku.

Nilipoingia ukumbini meza ilikuwa imetandikwa kitambaa, obusuma, ugali wetu, inafuka moshi, na msimamizi ameketi kwenye kiti cha mchungaji. Mtu wa Iguhu alisimama karibu na mlango, amepewa birika na beseni awanawishe watu mikono. Nani alimpa? Hadi leo kila mmoja anamsonta mwenzake.

Mwenyekiti wa wazee akaopoa firigisi, ambayo kwetu hupewa baba mwenye boma au mgeni anayeheshimiwa kuliko wote, akaiweka kwenye sahani ya msimamizi. Huyo akaigeuza kwa uma, akaisukuma kando pamoja na mifupa.

Mama aliyepika hakuvumilia. "Mzee, umempatia nani hiyo?"

"Ni mgeni, mama. Tusilete aibu."

"Aibu imeshakula, sasa inangoja chai!"

Wanawake wakacheka. Mimi hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikioni. Msimamizi akatazama saa, akampa mwenyekiti mkono na kusema kwa Kiingereza kwamba anasikitika ikiwa kuna mtu aliumia. Mwenyekiti akapiga makofi.

Mtu wa Iguhu akaweka birika chini. "Mzee, si wewe uliyetupiwa kikombe. Aniambie mimi."

"Kijana wangu, ameshasema. Samehe yaishe."

"Ameniambia saa ngapi?"

Nikamtafsiria msimamizi, neno kwa neno. Akachukua funguo za gari akatoka, bila kumtazama aliyeuliza.

Mwenyekiti akaniagiza niandike kwenye kumbukumbu kuwa pande zote zimepatana. Niliandika yaliyotokea. Kisha, palepale kati ya sahani chafu, nikaandika barua kwa afisa wa kazi. Mtu wa Iguhu akatia sahihi kwanza, akafuata mama aliyepika, kisha wanawake wote, vidole bado vina mafuta.

Bado hajarudishwa kazini. Barua ya pili kwa afisa huyo iko tayari, inangoja sahihi ya mwenyekiti. Anasema akiiweka atavunja amani. Nimemuuliza: amani ya nani?