Nafasi Yangu ya Ulaya

Mgeni wetu aliletwa kijijini kwetu Makote na ofisa wa wilaya, msimu ambao ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa umeitia mikorosho weupe kama imemwagiwa majivu. Soko huria ndiyo kwanza lilikuwa limeingia. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ambayo zamani tuliipata kwa mkopo wa ushirika, sasa ilikuwa madukani Newala, kwa mwenye uwezo wake.

Ofisa alitueleza mkutanoni: binti huyu anasomea kilimo kwao Ulaya. Atakaa kwetu msimu mzima ajifunze korosho, na mwakani binti yetu ataenda kujifunza kwao. Wafadhili wa mpango huo wangeleta na salfa.

Binti yetu nilikuwa mimi, wa pekee kijijini niliyekuwa chuo cha kilimo. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyesimama kujibu. "Tumekubali. Mgeni ni wa kijiji, na mpwa wangu naye ni wa kijiji."

Kweli kijiji kilimbeba. Wanaume walimchimbia choo. Mama alimpa kitanda chake, akalala chini. Wanawake walipokezana kumtekea maji kule bondeni, wakipanda mteremko alfajiri na ndoo kichwani, ili mgeni aoge kila siku. Sisi tulikuwa tukijipangusa kwa kitambaa.

Sina baya la kumsema. Alifunga kitambaa usoni akapulizia salfa nasi tangu umande. Aliwaamkia shikamoo hata watoto, nao wakaitikia marahaba wakicheka mpaka wanakaa chini. Siku ya kuondoka alimkumbatia mama akalia.

Ikaja zamu yangu. Kijiji kilinichangia tena. Walininunulia sweta zito la mitumba na begi, shehe na katekista wakaniombea dua uwanja mmoja. Siku niliyoitwa na ofisa, nilipanda hadi Newala na mjomba, begi likiwa tayari.

Ofisa hakutukaribisha kiti. "Nafasi imepata mtu mwingine," alisema. "Kiingereza chako hakikutosha."

"Nani amenipima?" nikauliza.

Alivuta faili jingine. Msichana aliyekwenda tulikuja kumjua baadaye: mtoto wa dada wa ofisa, aliyesomea uhazili mjini. Mjomba alisema taratibu, "Bwana, sisi tumemlea mgeni wenu kwa ahadi."

"Mzee, hii ni programu. Si mahari ya mpwa wako."

Tulirudi nyumbani. Mama alinikuta nimekaa kitandani, nimelivaa lile sweta kwenye joto. Alinivua mwenyewe, kama mtoto.

Msimu uliofuata ofisa alirudi, uso mkavu, kuomba mwenyeji wa mwanafunzi mwingine. Mama akainuka.

"Tulichota maji, tukatoa vitanda, mkampeleka mtoto wenu. Leo mnataka nini tena? Mimi nyumba yangu siitoi."

Nilidhani watu watamuunga mkono. Ofisa akasema tu kwamba salfa iko kwenye gari, na kuna kijiji jirani kinaisubiri. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja. Nikaona na wa mjomba.

"Kaka, hata wewe?" mama akamuuliza.

"Mikorosho inakufa, dada yangu. Nitawalisha nini watoto?"

Mgeni wa pili, kijana mpole, alikaa kwa mjomba. Nilimtekea maji zamu yangu ilipofika. Ningekataa, zamu ingemwangukia mama. Jioni moja shambani nilimwonyesha jinsi ya kupogoa matawi yaliyoshambuliwa. Alishangaa tulivyozungumza Kiingereza bila shida. Akaniambia chuoni kwao alikuja msichana wa Kitanzania, aliyeogopa ng'ombe na kushinda chumbani akilia, akataka kurudishwa nyumbani mapema.

"Kwa nini wewe hukuja?" akauliza.

Nikamwambia nilikuwa na kazi.

Cheti changu nilikipata, lakini serikali ilikuwa imeacha kuajiri mabwana na mabibi shamba. Nikarudi kulima. Mikorosho mwaka ule ilizaa vizuri, sikatai. Wanunuzi walikuja na malori yao, wakapanga bei waitakayo, na walioinua mikono waliuza kwa manung'uniko.

Mjomba aliacha kukaa barazani kwetu. Akipita, alisimama njiani, akanitazama kama anayetaka kusema jambo. Nilimwamkia shikamoo, kwa kuwa ni mjomba, nikaendelea kumenya mihogo.