Bwawa Kando ya Kaburi la Baba

Nilishachora ramani ya bwawa lile mara tano, na mara nne mdogo wangu alinijibu kwa simu kutoka Dar vilevile: "Dada, lisogeze kidogo." Ya tano ndiyo aliyoipenda. Nilikuwa nimechoka. Mtu anayechora nyumba za wateja wiki nzima mjini Moshi hatamani kupanda Machame Jumamosi kuchora bwawa la kuogelea la ndugu yake, tena bure.

Nyumba aliijenga baba, ya mawe na bati, na kwa desturi yetu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba: nyumba, migomba, kahawa, vyote. Kwa hiyo ni yake, sina ugomvi. Alitaka sebule ifunguliwe kwa vioo, baraza itoke mpaka nje, na mwisho wa baraza liwepo bwawa la bluu, ili wanawe wakija Krismasi wawe na pa kuchezea. Siku kumi kwa mwaka! Siku nyingine zote mama angebaki nalo peke yake, akiokota majani ya mparachichi majini.

Shida ilikuwa mteremko. Upande wa juu kuna banda la ng'ombe, na upande wa chini lazima ujenge kwanza ukuta mrefu kuliko nyumba yenyewe. Tambarare ni moja tu, ile nyasi iliyo kando ya kaburi la baba. Mimi niliyezaliwa pale, niliyesomea kazi hii, nikapima, nikaona pako wazi, nikaandika "bustani", kisha nikalichora bwawa papo hapo. Mjinga mimi.

Mama aliitandaza ramani ya tano mezani, akavaa miwani.

"Hili la bluu ndiyo maji?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa mimi mtanizika wapi?"

Hakusema kwa hasira. Kila mjane wa huku anapajua pake kando ya mumewe, na hapaandikwi popote. Watu hawapalimi tu, basi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikampigia mdogo wangu. Nikamweleza, naye akasema, "Si tumtafutie mahali pengine pazuri? Kihamba chenyewe kikubwa." Nikamwambia amwambie mwenyewe. "Dada, wewe ndiye unayejua kuongea naye." Jamani! Tangu utoto mimi ndiye mpeleka habari mbaya wa nyumba ile. Nikamfokea, nikamwambia na mengine mengi yasiyohusu bwawa. Mwisho akasema kwa unyonge, "Basi lipunguze. Pima nafasi anayohitaji, inayobaki iwe bwawa."

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikapanda tena, kwenda kumpimia mama yangu kaburi akiwa hai, anatembea. Kazi gani hii?

Alikuwa ananisubiri, amevaa kitenge chake cha kanisani. Akashika ncha ya futi kamba bila kuambiwa. Nikavuta urefu, nikavuta upana, nikaandika kwenye daftari nimeinamisha kichwa ili asinione uso.

"Usinibane," akasema. "Baba yako alinibana kitandani miaka yote."

Nikacheka bila kupenda, nikaongeza. Nikamwambia inatosha, bwawa litakuwa jembamba lakini litakaa.

Hakuiachia ncha. "Ongeza tena."

"Mama, hapo wanatosha watu wawili."

"Najua kuhesabu."

Alikuwa anatazama migomba, hanitazami mimi. Nilikuwa na mwaka wa nne tangu nirudi kutoka kwa mume wangu, na mimi na mama hatukuwahi kulizungumza hata siku moja. Mwanamke aliyeachika hana tena pa kuzikwa kwa mume, na kwao alikozaliwa wanaoamua ni wanaume. Nilikuwa nikilifikiria hilo mara nyingi nikiwa peke yangu, nikidhani ni mimi tu ninayelifikiria.

"Mdogo wako ana moyo mzuri," mama akasema, "lakini haelewi kitu mpaka akione kimechorwa. Basi mchoree."

Nikavuta futi mpaka aliposema basi. Nilikuwa nalia waziwazi, na mama akaniambia niandike vipimo kabla sijavisahau.