Malalamiko Kumi na Moja Juu ya Gari la Mbio

Watu wengi wameniambia kwamba nilikosa haya. Katika miaka ile ya vita, watu wa Uvira, mji wetu wa ziwani, walipokuwa wakizika na kukimbia, wakirudi na kukimbia tena, mimi nilikuwa nikiandika barua za kulalamikia breki. Nakubali kwamba niliziandika. Aibu sikuiona wakati ule, na leo pia siioni. Aliyekufa kwa breki amekufa sawasawa na aliyekufa kwa risasi. Tena huyu wa breki angeweza kuokolewa na kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, kama kungekuwa na mtu mmoja wa kukubali kwamba kipande hicho ni kibovu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza vinu vya kusaga mihogo na mahindi katika bonde la Ruzizi, kuanzia Kavimvira hadi Katogota na Kamanyola. Shule haikunifundisha kazi hiyo. Nilijifunza katika vitabu vya viwandani vilivyoachwa na wenye mashamba ya zamani, nikitafuta maneno ya Kifaransa moja moja katika kamusi iliyopoteza jalada. Kazi ilidai gari, maana pampu ya mazutu, yaani dizeli, na gurudumu la mkanda si mizigo ya baiskeli kwa mtu wa umri wangu. Lakini kila gari lililofaa lilichukuliwa. Pikapu yangu jeshi moja liliiazima kwa siku mbili, jeshi la pili likaikuta mikononi mwa lile la kwanza, na mara ya mwisho niliiona ikipanda kuelekea Lemera bila milango.

Nikakaa nikafikiri kwa utaratibu. Askari anataka gari la kubeba watu kumi na mizigo yao, gari lililoinuka juu, lisiloogopa mashimo. Kwa hiyo mimi nilihitaji gari ambalo askari hana haja nalo. Bandarini Kalundu palikuwa na mfanyabiashara aliyeshusha kutoka melini magari mawili ya mbio, yaliyotumika Uarabuni. Yalikuwa na milango miwili na viti viwili, na yalikuwa mafupi hata dereva ameketi karibu na ardhi kama mtu aliye kwenye mkeka. Mji mzima uliyacheka. Mimi nilichukua jekundu. Jeusi lilichukuliwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akipeleka ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, Bukavu. Aliondoa zulia la nyuma na kugundua kwamba magunia manne yanaingia vizuri.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kwenye bariera ya kwanza askari mmoja alilizunguka gari mara mbili. Taa zake za mbele zilikuwa za kujificha, zikiwashwa huinuka kama macho, lakini moja ilikuwa imekwama, ikiinuka ile nyingine tu.

"Papa, gari yako iko inanikonyeza," alisema.

Mwenzake akainama, akachungulia ndani, akaniona nimekaa chini miguu imenyooka. "Acha apite. Hii siyo gari, ni kiatu."

Kiatu hicho hakuna aliyewahi kuninyang'anya. Shida ilikuwa kiatu chenyewe.

Nina daftari ambalo ndani yake niliandika kila kosa la gari siku lilipotokea, mahali, na nilikuwa nikifanya nini. Ile taa ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Kisha mlango wa abiria haukufunguka kwa ndani. Ilibidi mtu wa nje aje amtoe aliyeketi. Kiti cha dereva kiliteleza nyuma nilipokanyaga breki kwa nguvu, hata mguu ukabaki unatafuta. Mkanda wa kifuani ulivutika bila kushika. Kipimo cha joto kilisema maji ni baridi wakati mvuke unatoka. Kulikuwa na harufu ya esansi, yaani petroli, kwa ndani, na nilipofuata harufu hiyo kwa pua na kitambaa nilikuta mpira uliopasuka juu kidogo ya bomba la moshi. Sikukasirika. Gari lililotumika lina haki ya kuchoka. Mengine nilitengeneza mwenyewe, mengine niliandika tu.

Kosa la tisa lilikuwa la breki, na ili lieleweke lazima niseme tabia yetu. Wakati wa vita esansi ilikuja kwa chupa, ikauzwa kwa chupa, ikapimwa kwa macho. Kwa hiyo kila dereva wa upande wetu alipofika juu ya mteremko alizima moteri na kuliachia gari lishuke lenyewe. Haikuwa siri wala aibu, ilikuwa ndiyo alama ya dereva mzuri. Watu walisifiana kwa kilometa walizoshuka kimya. Shemeji alikuwa bingwa. Aliwahi kushuka mlima wa Ngomo wote, kona zote, hadi nyumba za kwanza za Kamanyola, bila kuwasha, akiwa na pikapu, na habari hiyo alikuwa akiisimulia kwenye misiba.

Mimi nilifanya vilevile. Kusini ya Kalundu barabara inapanda bega la mwamba, kisha inashuka ghafula kuelekea ziwani. Juu ya bega nilizima. Gari likashuka vizuri, upepo tu. Kabla ya kona nikakanyaga breki, na kanyagio lilikuwa gumu kama jiwe la kusagia. Nilikanyaga kwa miguu miwili, na kiti kikarudi nyuma. Nililigongesha gari kwenye ukuta wa udongo upande wa mlima, likajisugua hatua thelathini, likasimama. Nilizipima hatua hizo baadaye. Kutoka tairi la mbele hadi ukingo wa maji palikuwa na hatua tisa.

Nilipotoka garini nilianza kazi. Breki za magari haya husaidiwa na ngoma ya hewa, inayonyonywa na moteri. Moteri ikizimika, kijimlango kidogo hufunga ili nguvu ibaki ndani ya ngoma, na dereva apate kukanyaga mara mbili tatu kabla kanyagio halijawa gumu. Mafundi wetu wanakiita klape. Nilikwenda kwa jirani mwenye pikapu ya zamani, nikaomba nikae ndani na kukanyaga moteri ikiwa imezimwa. Nikapata mara tatu laini. Kwenye gari langu sikupata hata moja. Nikarudia asubuhi tatu mfululizo. Kisha nikaenda kwa shemeji, nikalijaribu gari jeusi. Hapo pia hata moja sikupata. Gari la kwanza lingeweza kuwa na bahati mbaya. Magari mawili yana kasoro.

Niliandika barua kwa mfanyabiashara, kurasa mbili, malalamiko kumi. Sikuomba anirudishie kitu. Niliomba akubali kwa maandishi kwamba magari yale hayana nguvu ya breki moteri ikizimwa, na amwambie kila anayeyaendesha. Nilitengeneza nakala ya pili, kwa sababu kwetu barua haijafika mpaka aliyeipokea aandike kwenye nakala kwamba ameipokea, aweke tarehe na sahihi. Bila hiyo, umeongea na ukuta.

Alisoma mstari wa juu na mstari wa mwisho. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye duka lenye watu kila saa.

"Enjinia," alisema, kwa sauti ya kutosha duka zima lisikie, "watu wanakufa na mabomu, weye iko unaniletea freni?"

"Ndiyo, patroni. Bomu sikulinunua kwako."

Wateja walicheka. Yeye hakucheka. Alinisukumia nakala bila kuitia wino. Nikarudi juma lililofuata, na lililofuata. Siku moja alinijibu kwa hoja: nani aliniambia nizime moteri? Kitabu cha gari kinasema izimwe? Katika hilo alikuwa na nusu ya haki. Nilirudi nyumbani nikaandika nusu hiyo kama lalamiko la kumi na moja, juu yangu mwenyewe, kwamba nilishuka nimezima. Kisha nikampelekea barua mpya. Akasema sasa nimejihukumu, hana la kusaini. Nikamwambia kwamba nimesaini langu, namngojea asaini lake.

Wakaanza kuniambia niache. Jirani zangu walisema wakati huu hakuna mahakama, hakuna ofisi, hata milango ya ofisi imekwisha kupikiwa maharage. Hilo nililijua. Lakini kama hakuna wa kuhukumu, ndiyo sababu zaidi ya kitu kuandikwa sawasawa. Nilikataa kuzoea. Watu walizoea kwamba vitu vinaua na hakuna anayeulizwa, na mazoea hayo niliyaogopa kuliko bariera.

Kisha njia ya Bukavu ikafunguliwa. Ilikuwa imefungwa miezi mingi kwa sababu ya mapigano, na shemeji alikuwa na ndagala waliojaa nyumba. Alisema wataondoka Alhamisi, yeye na mdogo wangu, maana mdogo wangu ndiye aliyewajua wanunuzi wa kule. Nilijua watakavyorudi: gari limejaa sabuni na viazi, watafika juu ya Ngomo, na shemeji atanyoosha mkono kwenye ufunguo kama alivyofanya maisha yake yote.

Nilikwenda Jumatatu. Nilimkalisha kwenye gari lake, nikamwambia akanyage. Alikanyaga, akakunja uso, akakanyaga tena.

"Ni gumu," alikubali. "Lakini shemeji, mguu wangu siyo wa muntu wa vinu. Minye nimebeba pikapu nzima na mguu huu."

Nilimwelezea ngoma, hewa, klape. Nilimchorea. Akaniambia kwa heshima kwamba mimi ninasoma sana, na kwamba hata mfanyabiashara, aliyeyaona magari hayo tangu melini, hajasema neno. Mdogo wangu alikuwa akipepeta ndagala mlangoni. Ungo ulisimama.

Jumatano asubuhi mdogo wangu alikuja kwangu peke yake. Aliniomba nimsomee lalamiko la tisa polepole, kisha mara ya pili. Halafu akaniomba niandike karatasi nyingine, fupi, aliyoniambia maneno yake. Nikaandika kama alivyosema. Tukamchukua shemeji, tukaenda dukani, watatu.

Mdogo wangu aliweka karatasi zote mbili juu ya meza ya duka.

"Patroni, huyu ni yaya yangu, mkubwa wangu, unamjua. Barua yake inasema gari ni mbovu. Hii yangu inasema gari nyeusi ni nzima, inaweza kushuka Ngomo moteri imezimwa. Minye sijasoma sana. Saini moja, ile unayoijua ni ya kweli, tuende."

Mfanyabiashara aliitazama ya kwanza, akaitazama ya pili. Alisema yeye ni mtu wa biashara, si fundi. Alisema hawezi kusaini mambo ya barabara. Mdogo wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Basi siyo lazima wino," alisema. "Panda na mume wangu mpaka juu ya bega la Kalundu, mushuke wote wawili, amezima. Minye nitachunga duka."

Mteja mmoja alisema kwamba hilo ni jambo dogo, dakika kumi tu. Mwingine akamwambia patroni asisahau kwamba mlango wa upande wake haufunguki kwa ndani. Watu wakaangua kicheko, na mfanyabiashara akacheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Akasema ana mzigo unaomngoja bandarini. Akaingia chumba cha nyuma, na karatasi zikabaki zilivyokuwa, zote mbili nyeupe upande wa chini.

Nilimwangalia shemeji. Alikuwa akiutazama ule mlango wa nyuma, ameacha mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyehesabu magunia na kukuta moja limepungua. Njiani kurudi hakutaja mguu wake.

Klape nzima sikuipata. Nilitafuta siku ile yote, hata kwenye magari yaliyoungua njia ya Sange. Zilizokuwepo zilikuwa za malori, hazikuingia. Basi dawa ilikuwa moja: moteri iwake mteremko wote, na gia iwe ndogo. Shemeji aliahidi mbele yangu. Niliamini ahadi yake, ila sikuuamini mkono wake, na nilimwambia hivyo. Mdogo wangu alisema hilo niliache kwake.

Walirudi Jumapili mchana, gari likiwa limejaa sabuni hadi kwenye dirisha. Nilikuwa kwao tangu asubuhi. Shemeji alishuka kwanza, akazunguka kumfungulia mkewe, maana mlango ule ulikuwa kama wa kwangu. Mdogo wangu alitoka akiufungua na kuufunga mkono wa kushoto, akiunyoosha vidole kimoja kimoja. Kutoka juu ya Ngomo hadi Kamanyola alikuwa ameshikilia ufunguo, ameinama upande wa mume wake, bila kuuachia kwenye kona hata moja. Mara tatu mkono wa shemeji ulikuja. Si kwa ubishi, mdogo wangu alisema, ulikuja wenyewe, kama mtu anayejikuna. Mara ya tatu aliupiga kofi.

Kwenye kona moja walipishana na lori lililokuwa linapanda katikati ya njia. Shemeji alikanyaga breki hadi mwisho, na gari likasimama. Hakunieleza yeye, nilielezwa na mdogo wangu, na wakati akieleza shemeji aliutazama ugali wake.

"Tumekunywa chupa nzima nne za esansi tukishuka," alisema hatimaye. "Kushuka. Chupa nne za bure."

"Siyo za bure," alisema mdogo wangu, akimsogezea bakuli la samaki. "Weye iko unakula."