Nani Ashike Birika

Mama Witness alivaa koti lake la kanisani siku ile, maana usaili wenyewe ulikuwa wa chakula cha mchana. Gwamaka, mwenye ghala la mpunga na mahindi pale Tunduma, alitafuta msimamizi mpya wa kushika funguo na kufungua ghala kila asubuhi, na alishikilia kwamba anayejua kula na mteja ndiye anayejua kufanya naye biashara. Walioitwa ni wawili: yeye Violet, mama wa Witness, karani wa ghala kwa miaka kumi na mmoja, na Brayan, kijana wa miaka ishirini na minne aliyefundishwa kazi na huyo huyo Violet. Mara mbili huko nyuma alimfundisha mtu, kisha mtu huyo akawekwa juu yake. Aliapa kwamba ya tatu haitakuwepo.

Binti yake alimpa masharti chungu nzima: asiongee na chakula mdomoni, asiweke simu mezani, na juu ya yote asibishane na bosi. Akaitikia yote.

Hotelini yeye, Brayan na Gwamaka walimkuta mzee Moses, mnunuzi kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ugali ukaja na perege, mhudumu akaweka birika la maji ya kunawa na beseni, akakimbilia meza nyingine.

"Mama Witness, hebu tunawishe," Gwamaka alisema, macho kwenye simu yake.

Violet akaliangalia birika. Kwao Isansa alizaliwa msichana pekee kati ya wavulana sita, na mama yake hakuwa na mchezo katika hilo: birika hushikwa na mdogo kuliko wote waliokaa, awe wa kike au wa kiume. Yeye aliliacha angali mtoto, mdogo wake alipopata nguvu ya kulinyanyua. Leo ana hamsini na mmoja, eti alirudie kwa sababu amevaa sketi! Alijua fika kwamba akikataa cheo kitakwenda zake, na huenda ukarani nao ukafuata.

"Nina miaka hamsini na mmoja, bosi," alisema taratibu. "Kwetu ananawisha mdogo."

Brayan akainuka, akamnawisha mzee Moses, kisha Violet, kisha bosi. Gwamaka alikunja uso, na maswali yote akamwelekezea kijana. Lile la unyevu wa mpunga wa Kamsamba likamshinda, akamgeukia mwalimu wake. Violet akameza tonge kwanza, ndipo akajibu.

"Ni huyu bamayo," mzee Moses alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "aliyekataa kunipimia mpunga mbichi mwaka jana. Nilimkasirikia. Lakini ule alionipa baadaye haukuoza hata gunia moja."

Walipomaliza, Brayan akanyoosha mkono kulichukua birika tena. Violet akamwahi.

"Kaa, mwanangu, zamu yako umeshafanya." Akaliweka mbele ya Gwamaka. "Anayefuata kwa udogo ni wewe, bosi. Una thelathini na nane. Fomu yako ya bima niliijaza mimi."

Gwamaka akamtazama mzee Moses, akakuta mzee ameshatanguliza mikono juu ya beseni. Akainuka, akamimina. Hakuwa amezoea, nusu ya maji iliishia kwenye kitambaa cha meza. Alipofika kwa Violet akasita.

"Wewe mama utanisumbua sana."

"Sana," Violet alisema, akikinga mikono. "Jumatatu nifungue ghala saa ngapi?"