Mgongo wa Wapagazi

Mabruki Mfaume alikuwa fundi cherehani wa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, na hakuwahi kubeba kitu. Nasema kama jirani yake, si kama adui. Akinunua sukari dukani, kilo moja, ilibebwa na mkewe, Mwanne. Maji alibeba Mwanne. Kuni pia. Hata cherehani yenyewe, jioni ikiingizwa ndani kutoka barazani, Mabruki alitangulia kufungua mlango.

Sababu aliieleza kwa yeyote aliyekaa naye. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, akafa amepinda, anatazama vidole vyake vya miguu. Baba yake alibebeshwa mizigo ya Waingereza katika ile vita ya kwanza, naye akapinda. Ukoo mzima ulijivunia migongo hiyo. Mgeni akija aliambiwa: hawa ndio waliobeba. Mabruki alijivunia pia, ila hakutaka mgongo wa namna hiyo uwe wake, wala wa mwanawe wa pekee, Twalibu.

Kwamba mgongo wake mwenyewe ulianza kukakamaa kabla hajafika miaka thelathini, lawama aliitupia cherehani. Kuinama nako ni mzigo, alisema. Asubuhi ilimchukua muda kutoka kitandani, msikitini akirukuu aliishia nusu njia, na ukimwita kutoka nyuma aligeuka mwili mzima. Tulishamzoea.

Mwaka 1975 tukaambiwa tujenge shule kwa nguvu zetu wenyewe, kila nyumba itoe watu wa kubeba matofali. Nyumba ya Mabruki ilimtoa Mwanne. Balozi wetu wa nyumba kumi, Jilala, mtu asiyependa ugomvi, akaja kuulizia habari za Twalibu, ambaye alikuwa na miaka kumi na minane na mabega ya kutosha.

"Twalibu habebi," alisema Mabruki.

"Ndugu Mabruki, watu wameanza kukuita kupe."

"Waniite. Kupe hapindi mgongo."

Jilala akasema basi, kama ni ugonjwa, alete cheti cha daktari.

Baba na mwana wakaenda hospitali mjini. Daktari akampapasa Mabruki mgongo, akamwambia ainame, akaona hainami. Akauliza kama maumivu huzidi akilala na hupungua akitembea. Ndivyo yalivyokuwa. Kisha akauliza kama jicho limewahi kuwa jekundu na kuuma. Huku kwetu macho mekundu si swali la kumuuliza mtu ovyo. Vikongwe wameuawa kwa sababu hiyo, wakiitwa wachawi. Mabruki akasimama.

"Daktari, mimi sina mambo hayo."

"Nauliza ugonjwa, mzee wangu. Mgongo huu na jicho hilo mara nyingi huenda pamoja."

Akakaa, akakiri kwamba jicho limewahi kumsumbua.

Daktari akamweleza. Si mizigo, wala si cherehani. Kuna kitu mtu huzaliwa nacho katika damu, amerithi kwa baba au kwa mama. Wataalamu wamekigundua juzijuzi tu, na hapa kipimo chake hakuna. Mtoto anaweza kukirithi au asikirithi, na wengi walio nacho hawaugui maisha yao yote. Kinachoukakamaza zaidi mgongo kama huu ni kukaa tu. Kijana huyu ni mzima, akabebe matofali.

"Kwa hiyo babu yangu angepinda hata kama angekaa kitako?"

"Labda angepinda mapema zaidi," alisema daktari.

Mwanne alielezwa habari hizo jioni, akitua ndoo ya maji. "Miaka yote hii," akasema, akaenda kulala. Kesho yake Twalibu alibeba matofali, na ujenzi wa shule ulipokwisha akapata kazi ya kupakia magunia stesheni.

Sasa Mabruki hakuwa na cha kukataza, nami nilimwonea huruma kuliko nilivyotarajia. Mtoto unaweza kumzuia asibebe mzigo. Damu umeshampa. Kila alfajiri alisimama nje ya chumba cha mwanawe akisikiliza anavyoamka. Kitanda kikilia mara moja, na miguu ikagusa sakafu, alikwenda zake kutawadha.

Ikapita miaka mitatu. Alfajiri moja kitanda kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Mabruki akasukuma mlango. Twalibu alikuwa amekaa ukingoni, mkono kiunoni.

"Ni magunia, baba," alisema upesi. "Jana tumepakia mengi."

Alikuwepo hospitalini, alijua kama baba yake anavyojua. Alisema hivyo kwa kumpenda.

"Si magunia," alisema Mabruki. "Ni mimi."

Akampa mkono amwinue wakatembee. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa bado haujalegea, kwa hiyo ikawachukua muda.