Siku Niliyokataa Samaki wa Baba

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu hapa Kiamunyi, nje ya Nakuru, huketi nyuma ya jiko lake akiparua samaki. Kati yetu kuna ua wa michongoma, kwa hiyo simwoni, lakini kisu chake nakisikia: kwaru, kwaru, kwaru, kisha kimya kidogo anapomgeuza, kisha kwaru tena. Ni mama mpole. Juzi aliniuliza kama harufu inanisumbua, nikamwambia la, hata kidogo. Sikumwambia kwamba nikisikia kile kisu naacha chai yangu ipoe mezani, na machozi yananilengalenga mzee mzima mimi. Acha niwaambie ninyi, maana yeye nikimwambia atadhani namlaumu.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Kwetu hakuna aliyeandika. Ilikuwa miaka ya hamsini inaelekea ukingoni, nami nilikuwa naishi juu kule Mau, upande wa Olenguruone, na mama mzazi wa mama yangu. Kwetu Wakipsigis bibi ni kogo, basi nami nitamwita Kogo. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alikuwa Mragoli, mtu wa reli. Alimpata mama pale stesheni ya Molo, baba akiwa kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, mama akiuza maziwa. Baadaye baba alihamishiwa karakana ya Nakuru, akawa fundi, na mimi nikabaki mlimani. Kogo aliniita Chebet. Baba aliniita Esta. Watoto wa majirani waliniita mtoto wa mla nyoka.

Hilo la nyoka nilieleze. Siku hizo watu wetu wa kule juu hawakula samaki kabisa. Kiumbe kisicho na miguu, chenye magamba, kinachoteleza majini, kwao kilikuwa nyoka na hakuna la kujadili. Na kwa kuwa baba alitoka kwa watu wanaokula samaki, mimi nilikuwa na nyoka kwenye damu. Watoto hawakutaka kuchunga na mimi. Nilichunga mbuzi wa Kogo peke yangu kwenye ukungu, nikizungumza na mbuzi, na mbuzi, niwaambie ukweli, si watu wa mazungumzo. Kogo alinipenda, lakini alikuwa mtu wa maneno matatu kwa siku. Tangu mama afariki alikuwa amepunguza hata hayo.

Kwa hiyo baba alipokuja kusema anataka nikakae naye Nakuru nisome, nilitaka kwenda siku hiyo hiyo. Baba hakuingia ndani. Kwao mkwe haingii ovyo nyumbani kwa mama mkwe wala hampi mkono. Alisimama kando ya boma na kofia mkononi, akiangalia chini, na Kogo akazungumza naye kutoka mlangoni. Mimi nilifukuzwa niende kwa mbuzi. Nilichokuja kuambiwa ni kwamba Jumamosi nitakwenda, Jumapili nitarudi, halafu ndipo itakapojulikana nitakaa wapi.

Asubuhi ya safari Kogo alinipaka mafuta ya ng'ombe usoni mpaka nikang'aa. Kisha akanishika mashavu.

"Chebet, yule nyoka wa majini usimle. Harufu yake haitoki. Mimi nitaisikia ukiwa bado mtoni, na mla nyoka halali katika nyumba yangu."

Alisema hivyo huku anacheka kidogo, na Kogo kucheka ilikuwa nadra, kwa hiyo ningepaswa kujua ni utani nusu. Lakini mtoto hajui nusu. Nilichosikia ni kwamba nikila samaki nitafungiwa mlango.

Tulishuka hadi Molo juu ya lori la viazi, kisha tukapanda treni kwa pasi ya baba, ile tiketi ya bure ya watu wa reli. Sitawachosha na treni. Nitasema tu kwamba baba alinikalisha dirishani, akanitajia kila stesheni kabla hatujafika, Elburgon, Njoro, na kila alipopatia alinitazama kama anangoja nimsifu. Nami nilimwogopa kidogo, sikumsifu.

Baba alikaa landi, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kila mtu, mlango unatazama mlango. Lo, watu walivyokuwa wengi! Chumba chake kilikuwa na kitanda, sanduku la bati, na kiti kimoja. Kimoja tu. Siku hiyo aliazima cha pili kwa Mama Rasoa, mke wa jirani yake. Huyo mama ndiye pia aliyekuwa amempokelea samaki walioletwa na treni ya Kisumu usiku, wamefungwa kwenye gunia bichi. Baridi ya Mau ilikuwa imewatunza njiani, na macho yao yalikuwa bado maangavu.

"Lete nikupikie, shemeji," Mama Rasoa alisema. "Mwanamume na samaki wapi na wapi?"

"Leo nitapika mwenyewe," baba akajibu.

Niwakumbushe kwamba kwao, kama kwetu, mwanamume hakukaribia mafiga, na landi nzima ilikuwa ya watu wa kwao. Baba alikaa kwenye kizingiti, akakunja mikono ya shati, akaanza kuparua magamba mbele ya kila mtu. Kwaru, kwaru. Magamba yakamrukia mpaka kwenye nyusi. Wanaume waliotoka zamu walisimama kumtazama.

"Fundi, kwani umeolewa?" mmoja akamrushia, na wengine wakaangua kicheko.

"Ndiyo, nimeolewa," baba akasema bila kuinua kichwa. "Na huyu hapa," akanielekezea kisu. Wakacheka zaidi. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Alipika polepole kwenye jiko la makaa. Kitunguu, nyanya, na yale maji ya majivu makali wanayotumia kwao badala ya chumvi, aliyokuwa ameyahifadhi kwenye chupa. Alikuwa anaonja, anakunja uso, anaongeza, anaonja tena. Mara mbili alikwenda kumnong'oneza Mama Rasoa jambo, akarudi mbio. Harufu ilijaa chumbani. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu mbaya kama ya kidonda. Haikuwa hivyo. Mate yalinijaa kinywani nikayameza kwa hofu, nisije nikawa nimeshakula harufu.

Alipakua. Ugali katikati, samaki kwenye bakuli. Akachambua nyama ya tumboni, ile laini, akatoa mwiba mmoja mmoja kwa kucha zake zilizojaa mafuta ya mashine yasiyotoka, akanisogezea.

"Samaki haliwi na maneno," aliniambia. "Ukila, nyamaza, mwiba usikukwame. Mama yako naye alimwogopa. Alianza na mchuzi tu. Siku ya kwanza mchuzi, siku ya pili mkia, siku ya tatu tukawa tunagombania kichwa."

Kisha akangoja. Hakula. Mikono yake ilikuwa magotini.

Nami nikafikiria mlango wa Kogo umefungwa. Nikatikisa kichwa.

"Kidogo tu, Esta."

Nikatikisa kichwa tena, nikafunga mdomo kwa viganja vyote viwili. Sikujua kusema, "Nataka, ila naogopa." Nilidhani kukataa samaki ni kukataa samaki basi. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba nataka kukaa pale, kwenye watu, kwenye kelele, na huyu mtu mwenye magamba kwenye nyusi. Niliona nimepiga hesabu vizuri kabisa: sili, kwa hiyo Kogo hakasiriki, kwa hiyo ananiruhusu nirudi kwa baba. Akili ya mtoto ni kitu cha ajabu.

Baba hakunigombeza. Alifunika bakuli kwa sahani, akavaa koti, akasema twende mjini.

Hoteli aliyonipeleka ilikuwa karibu na soko, meza ndefu, mabenchi, moshi wa mafuta, na mhudumu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Baba alipita meza tatu akitafuta iliyo safi. Akaniagizia chai ya maziwa, mandazi, na karanga, yaani nyama ya kukaanga yenye mchuzi. Mwenyewe alisema hana njaa. Ee, nilikula! Sikuwa nimekula tangu alfajiri. Nilikula mandazi manne, nikafuta bakuli kwa la tano, nikalamba vidole. Mhudumu akaja akasimama na mikono kiunoni.

"Mzee, huyu mtoto nyumbani hampikiwi? Anakula kama ametoka jela!"

Watu wakacheka. Baba akacheka pia, akachelewa kidogo kuliko wengine. Kisha akaufuta mdomo wangu kwa leso yake, taratibu, akanirudisha landi. Mimi nilikuwa nimeshiba, nimemshika kidole, nafikiri hii ndiyo siku nzuri kuliko zote za maisha yangu. Sikuona kwamba nilikuwa nimekula cha mtu baki mbele ya mtu ambaye chakula chake nilikikataa.

Jumapili asubuhi aliitwa karakana kidogo. Aliniambia nisitoke, akafunga mlango kwa nje. Nikabaki na kitanda, sanduku, viti viwili, na lile bakuli lililofunikwa.

Nilivumilia sana. Nilihesabu mabati ya paa, nikahesabu tena. Kisha nikainua sahani nione tu. Mchuzi ulikuwa umeganda kidogo kingoni, mwekundu. Nikachovya kidole. Jamani. Nikachovya kipande cha ugali wa jana, nikachovya kingine, nikanyofoa nyama ya tumboni ile ile aliyonichambulia, nikala nimefumba macho, nimenyamaza kimya kama alivyosema. Nilikula nusu ya bakuli. Kisha woga ukanirudia. Nikachukua sabuni yake na maji ya kwenye ndoo, nikasugua mikono, nikasugua mdomo, nikasugua ulimi mpaka nikatapika mapovu.

Baba aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye bakuli. Nadhani alitaka kunijaribu mara ya mwisho kabla ya treni. Akakuta sahani nimeisahau kando, akatazama bakuli, akatazama dirisha lililokuwa wazi.

"Paka wa Mama Rasoa huyu," alisema. "Mwizi mkubwa."

Nilifungua mdomo. Ladha ya sabuni ilikuwa bado imenijaa. Nikaufunga.

Chakula kilichoguswa na paka hakiliwi na mtu. Baba alichukua bakuli, akatoka nje, akakiweka kilichobaki chini karibu na mfereji, akamwita paka. Paka alikuja mbio, mkia juu, na baba akachuchumaa akimwangalia anavyokula mpaka akamaliza. Alikaa vile muda mrefu, mgongo wake kwangu. Nilihisi upweke ambao mlimani sikuwahi kuuhisi, ingawa tulikuwa wawili, na sikuelewa unatoka wapi.

Jioni tulimkuta Kogo barabarani, pale lori liliposhushia watu. Kabla ya hapo hakuwahi kuja kunilaki mahali popote. Aliniinamia, akanusa nywele zangu, akaniuliza kwa lugha yetu, mbele ya baba, "Ulikula cha baba yako?"

"Sikula," nilisema kwa sauti, kwa majivuno. "Hata kidogo."

Baba alikijua Kikipsigis, mama alimfundisha. Aliweka kifurushi changu chini, gauni na daftari alilokwisha kuninunulia. "Haya, mama," akasema, macho chini. Akanigusa kichwa, akageuka. Nilingoja ijulikane nitakaa wapi. Nilingoja wiki ile na wiki iliyofuata. Baba alikuja mara chache na sukari, akasimama kando ya boma, na habari ya Nakuru hakuitaja tena. Halafu akahamishwa mbali, Tororo, na kutoka huko zilikuja barua ambazo hakukuwa na mtu wa kunisomea mpaka nilipojifunza mwenyewe.

Nilikuwa mtu mzima, na Kogo amelala kitandani hawezi kusimama, baba ameshazikwa Maragoli, Kogo aliponiambia bila kuulizwa walichopatana siku ile baba alipokuja kuniomba. Alikuwa amemwambia baba: mtoto hawezi kukaa mahali asipoweza kula. Mpikie kwa mkono wako, si wa mwanamke wa jirani. Akila, ni wako, mchukue. Akirudi hajala, niachie, sina mwingine.

"Siku zile mbili sikulala," Kogo alisema. "Nilikuwa namwomba Mungu usile. Akanisikia."

Nikamwambia, "Kogo, nilikula. Nilikula nusu ya bakuli."

Akanishika mkono na kuniuliza, si kwa hasira, kwa huruma kabisa, "Sasa mbona hukumwambia?"

Wengine hunifariji kwamba nilikuwa mtoto, na ni kweli nilikuwa mtoto. Lakini baba yangu alikufa akiamini kwamba binti yake hakuweza kula chakula alichompikia, akawa mpole kiasi cha kutoniuliza tena. Alikuwa amekipika vizuri. Kilikuwa kitamu sana, na mtu pekee aliyeijua habari hiyo nilikuwa mimi.