Udongo Niliogawa

Wiki jana nilipeleka mche wa nyanya ulionyauka ofisi ya kilimo, Ndhiwa. Jirani yangu alinisindikiza, mkono begani mwangu.

"Udongo wenye ugonjwa nilitoa wote kwenye nyumba ya nailoni ninamokuza nyanya, vile uliniambia," nikamlalamikia bwana shamba. "Nikaweka mwingine kutoka shamba la mboga ya osuga. Nyanya bado zinakufa!"

Akashika kichwa. "Mama! Osuga na nyanya ni ndugu, wanaambukizana. Na ule wa kwanza ulimwaga wapi?"

"Nimwage udongo mweusi hivyo, wenye samadi ya ng'ombe wangu? Niligawa."

"Ulimpa nani?"

Nikaangalia kalenda ukutani. Jirani akaondoa mkono wake polepole.

Nanyi wengine niliowapa, tafadhali, msipande nyanya.